Kengele Ambayo Naishorua Hakuivua

Siku tisa kabla ya kutetea tasnifu yake, Naishorua alikuja kijijini kwao Tindiga kumwona baba yake. Alikuwa na miaka minne akisomea gesi, na mzee Yoeli bado aliwaambia watu kwamba binti yake yuko kwenye mambo ya mitungi ya kupikia. Si kosa lake, nani alimweleza?

Safari hii alimweleza, kwa Kimaasai, wamekaa kando ya zizi. Katika maabara ya ng'ambo, gesi mbili hupozwa hadi ubaridi usio na kifani. Kila chembe ina spini, yaani kama kishale kidogo cha sumaku. Gesi zikichanganywa, vishale vya zote mbili huyumba pamoja. Yeye alipewa vipimo avichambue, akaandika kurasa mia mbili kuthibitisha kwamba gesi moja ndiyo inayoivuta nyingine. Ni kama kundi letu na la jirani mtoni, alisema, ng'ombe wote wakageuka kwa pamoja.

Mzee alitafuna mswaki wake kwanza.

"Ulivua kengele?"

Hakuelewa. Mzee akamkumbusha: kabla ya kusema makundi mawili yamezoeana, mchungaji humvua kengele ng'ombe kiongozi. Wakitawanyika, basi walikuwa wakifuata kengele tu, wala hawajuani.

Naishorua akakumbuka vile vipimo. Sumaku ya maabara ilikuwa na mtikisiko mdogo, umeandikwa wazi kwenye vipimo, naye aliupuuza. Kukulia zizini kote kule, akasahau kengele!

Asubuhi alidamkia Mikumi penye mtandao wa uhakika, akauondoa ule mtikisiko, akapiga hesabu upya. Alirudia mara tatu. Sumaku ndiyo iliyoziyumbisha gesi zote mbili, kila moja kivyake. Miaka minne imekwenda bure. Alilia mbele ya wageni waliokuwa wakingoja kwenda mbugani, wala hakuona haya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aliporudi alimkuta baba yake na Hussein, jirani yao mkulima wa mpunga. Mzee alikuwa akimweleza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, habari za gesi mbili, vishale na kengele. Hakukosea hata kimoja. Naishorua hakuwahi kumwona na fahari ile.

"Mwanangu, sasa nimeielewa kazi yako," alisema mzee. "Mwambie Hussein. Ulipovua kengele, zilikwenda pamoja?"

Wazee wote wawili walimtazama, wakingoja.

"Zilikwenda pamoja, baba," alisema Naishorua, na mzee akampiga Hussein begani kwa furaha.