Mlango wa CD wa Marehemu Trailo

Mama Ruksanda aliingia dukani kwangu Jumanne, akaweka mezani kompyuta mpakato ya marehemu mumewe, ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake. Natengeneza vyombo vya umeme hapa Negotin mwaka wa ishirini na sita sasa, na bado sijajua kwa nini wanawake wetu wakiona kitu chenye waya lazima wakifunike kitambaa. Nikakiondoa. Matundu ya kutolea joto yalikuwa yamejaa nyuzi.

"Nataka iwe na kasi," akasema. "Kabla ya Jumamosi."

"Ya kufanyia nini, mama? Wewe hata kuiwasha hujui."

"Si yangu. Ya Trailo."

Trailo tulimzika Oktoba ya mwaka jana, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Jumamosi ilikuwa pomana yake ya mwaka, karamu ya marehemu. Sisi watu wa huku, siku hiyo, tunatoa vitu kwa jina la aliyekufa: kitanda, viatu, redio. Anapewa mtu aliye hai, kwa kawaida wa rika lake, na anachokitumia huyu huku, yule anakipata kule. Ila kiwe kizima. Ukitoa koti lisilo na vifungo, mtu wako atatembea kule kifua wazi. Mama yangu aliyaamini haya mpaka anaingia kaburini. Mimi niliyaacha zamani, sikuona hata siku niliyoyaacha.

"Kuna vitu vingi vya kutoa," nikamwambia. "Mpe saa."

"Saa anayo, nilimzika nayo. Sikiliza, mwanangu. Miaka kumi mtu yule alikuwa akiiwasha hii asubuhi, anakwenda kulisha nguruwe, anarudi, bado inawaka. Na kila akirudi anaitukana. Unamkumbuka alivyokuwa akitukana?"

Nilimkumbuka. Trailo alikuwa mtu mwema, mwenye mdomo mchafu kuliko wote kati ya hapa na Danube.

"Sasa nikimpelekea hivi ilivyo, ataanza upya. Na mama yangu yuko kule. Mwanamke hajasikia tusi tangu azaliwe. Halafu picha zake zote zibaki humo humo, usiguse hata moja."

Nikamwambia aiache, arudi Alhamisi.

Kazi yenyewe naijua kama kufunga viatu. Kompyuta za umri ule zina nafasi ya diski moja tu, lakini zina mlango wa CD ambao siku hizi hakuna anayeutumia. Unafungua skrubu moja chini ya tumbo, unavuta, kifaa chote cha CD kinatoka kama droo. Mahali pake unaingiza fremu nyembamba ya umbo lile lile, na ndani ya fremu unaweka diski ya zamani na kila kilichomo. Pale diski ya zamani ilipokuwa unaweka mpya, ile isiyo na kitu kinachozunguka, na hiyo ndiyo inaleta kasi. Mwisho unabandua kile kipande cha plastiki cha mbele, chenye kitufe, unakihamishia kwenye fremu ili kompyuta isibaki na pengo ubavuni. Kwa nje huwezi kujua kama iliguswa.

Nilipokitoa kifaa cha Trailo kilitoa mlio kidogo mkononi, kama kuna kitu ndani. Sikukijali. Nilikitupa kwenye boksi la nyuma, pamoja na wenzake arobaini na kitu ambao wenyewe hawajawahi kuwaulizia, nikaendelea na kazi yangu.

Alhamisi akaja. Nikabonyeza, na kabla hajamaliza kufungua vifungo vya koti, picha ya Trailo akiwa na mapipa yake ya divai ilikuwa imejaa kwenye kioo. Alitabasamu, nami nikajiona fundi kweli. Halafu akaigeuza, akaitazama ubavuni, akabonyeza kitufe cha CD. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Hapafunguki."

"Hapafunguki kwa sababu ndani hakuna mlango tena. Ndani kuna diski ya zamani, yenye picha zako. Wewe mwenyewe ulisema nisiguse."

"Na CD ataitia wapi?"

"Mama, nani anatia CD siku hizi?"

"Trailo."

Nilimweleza. Nilimchorea hata kwenye karatasi. Alisikiliza kwa adabu yote, kisha akakiwekea kidole kile kitufe.

"Siwezi kumpelekea mtu kompyuta yenye kitufe cha uongo. Atabonyeza, atangoja, hapafunguki. Unajua kitakachofuata."

Hapo nilikasirika, lakini nikakumbuka kuna viboksi vya nje, unaweka kifaa cha CD ndani yake, unakiunganisha kwa waya, kinafanya kazi kama zamani. Nilikuwa nacho kimoja. Nikamwambia, akafurahi.

"Lakini kiwe chake," akasema. "Kile kile ulichokitoa."

Nikaenda nyuma. Ndani ya boksi vilikuwa vimelala arobaini na kitu, vyote vyembamba, vyote vya kijivu, na vyote havina uso, kwa sababu uso wa kila kimoja ulibaki na kompyuta yake. Ilikuwa saa kumi na nusu, basi la kijijini kwao linaondoka saa kumi na moja kasoro kumi. Nikachukua kilichokuwa karibu. Nikakifunga kwenye kiboksi, nikakijaribu kwa CD moja, kikasoma vizuri. Ni bati na lenzi, nikajiambia, kina tofauti gani.

Mama Ruksanda alikichukua, akakisogeza sikioni, akakitikisa taratibu kama mtu anayepima yai. Akanitazama.

"Ndicho chake hiki?"

"Ndicho chenyewe."

 Alikifunga kwenye leso, akanilipa, akaenda zake kuwahi basi. Nilimwona kupitia kioo, anavuka barabara akiwa ameikumbatia ile kompyuta kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi nilijaribu kutengeneza mashine ya kahawa ya mtu na sikuweza. Si kwamba nimerudia imani. Kilichonisumbua ni kitu kidogo zaidi: mwanamke aliniuliza jambo moja tu, akiwa ananiangalia usoni, nikamdanganya. Na kama yeye ndiye yuko sahihi na mimi ndiye mjinga, basi kuna mtu kule anapelekewa kifaa cha mtu mwingine kwa sababu fundi aliona uvivu kuinama. Nikakumbuka ule mlio. Nikageuza kibao cha mlangoni kisome "Pamefungwa", nikamwaga boksi lote sakafuni.

Nilivitikisa kimoja kimoja nikiwa nimepiga magoti, na magoti yangu si ya kijana tena. Vitatu vililia. Kwenye vifaa hivi kuna tundu dogo, unachomeka waya wa kibanio cha karatasi ulionyooshwa, sinia inatoka hata kama hakuna umeme. Cha kwanza kilikuwa na gia iliyovunjika tu. Cha pili kilikuwa na CD ya michezo ya watoto. Cha tatu kilikataa. Nikasukuma, kikakataa, ikabidi nifungue kifuniko kwa bisibisi.

Ndani kulikuwa na CD, na juu yake maandishi ya kalamu nene: "Harusi ya Dragiša, 2009. Usiguse. T." Mwandiko ule ule, na lile "usiguse" lile lile aliloandika kwenye kila pipa la divai yake. Dragiša ni mwanawe, yuko Vienna. Kwenye meno ya gia kulikuwa na kipande cha chuma chembamba cheusi, urefu wa nusu kidole. Nilikitoa kwa kibano, nikakisafisha kifaa, nikatia tone la grisi. Kikafunguka na kufunga kama kipya. CD sikuitazama. Haikuwa yangu.

Jumamosi asubuhi niliendesha kilomita ishirini na mbili mpaka kijijini kwao, Kriva Voda. Zabibu zilikuwa zimeshavunwa, kijiji kizima kinanuka mapipa. Uani kwa Mama Ruksanda meza ndefu ilikuwa imeshaandaliwa chini ya mzabibu: mikate yenye mishumaa iliyochomekwa, ngano ya kuchemsha, samaki, maharage. Kichwani mwa meza palikuwa na kiti kitupu, koti jipya limevishwa mgongoni mwake. Mbele ya kiti ilikuwapo kompyuta. Ameifunika kitambaa tena. Uvumba ulikuwa haujawashwa, kwa hiyo sikuwa nimechelewa.

Nilimwita pembeni, nyuma ya jiko la nje.

"Mama, kile nilichokupa si chake. Sikukitafuta, nilichukua kilichokuwa karibu. Chake hiki hapa."

"Najua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Chake kina mlio. Kilimeza CD ya harusi miaka mitatu iliyopita kikakataa kuitema, naye akawa anakichokonoa kwa pini yangu ya nywele. Chako kilikuwa kimya kama wewe sasa hivi."

Nikatoa mfukoni kile kipande cha chuma. Alikipokea kiganjani, akakigeuza geuza. Akafumba kiganja.

"Aliapa hakuivunja pini yangu," akasema. "Aliniambia nimeipoteza mwenyewe."

"Mbona hukusema siku ile dukani?"

"Nikuambie wewe mwongo, ndani ya duka lako? Nikasema, acha, ana siku mbili za kujirudi."

"Na nisingekuja?"

"Ningekitoa hivyo hivyo, nikamtajia Trailo jina la fundi. Angekutukana wewe badala ya kompyuta. Haya, fanya haraka, watu wana njaa."

Nilifungua kile kiboksi kwenye kizingiti cha dirisha la jiko, skrubu nne, nikatoa cha uongo nikaweka cha kweli. CD niliiacha ndani, pale alipoiacha yeye. Mama Ruksanda akawasha uvumba, akazunguka meza mara tatu akitaja kitu kimoja kimoja: mkate huu ni wa Trailo, divai hii ni ya Trailo, koti hili ni la Trailo. Koti akampa Paun, jirani yao na mwenzake Trailo tangu jeshini. Alipofika kwenye kompyuta Paun alishanyoosha mikono, maana kijiji kizima kilijua atapewa yeye. Mama akampita, akaniwekea mimi.

"Na mimi?" Paun akauliza.

"Wewe una koti. Tena hii ungeifunga kabatini. Huyu ataitumia."

Paun akanitazama vibaya, kisha akajaribu koti. Mimi nilibaki nimeshika ile kompyuta, na watu wote wananingoja. Kuna maneno mpokeaji lazima ayaseme, la sivyo kitu hakivuki. Mara ya mwisho kuyasema ilikuwa kwenye pomana ya mama yangu.

"Mungu amsamehe," nikasema.

"Iwashe," akasema Mama Ruksanda. "Mpokeaji anaanza kutumia hapa hapa, mezani."

Ikawaka mara moja. Nikachomeka waya, kifaa kikavuma kidogo, kisha harusi ya Dragiša ikatokea kwenye kioo: uani humu humu, mzabibu huu huu ukiwa bado mdogo, kinanda na tarumbeta, na duara la wachezaji wameshikana mikono. Anayeongoza ni Trailo, shati limelowa, leso juu mkononi, anakanyaga kama mtu anayepigana na ardhi. Watu waliacha kijiko hewani. Duara likaja, likaja, Trailo akajaa kwenye kioo kizima, na mpiga picha bila shaka alikuwa amesimama njiani, kwa sababu Trailo, bila kukosa hatua hata moja, alimtukana. Alianza na mama yake, akaenda kwa kamera, akamalizia kwa aliyemuuzia kamera. Sauti ilikuwa safi, kana kwamba yupo kwenye kile kiti.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Nilijua mwanamke huyu amehangaika wiki nzima ili mama yake kule asisikie tusi, nikapeleka mkono haraka kusogeza mbele. Akanishika kifundo cha mkono.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe wapi, mama?"

"Hapo anapotukana."

Nikarudisha. Ilirudi papo hapo, haikutungojesha hata kidogo. Trailo akaja tena na leso yake, akamtukana yule mtu tena, tangu mama yake mpaka muuza kamera. Mama Ruksanda alikuwa amekaa kwenye kile kiti kitupu, ambacho siku hiyo hakikaliwi na mtu, na hakuna aliyemwambia anyanyuke. Kiganja chake kilikuwa bado kimefumba kipande cha pini.

"Tena," akasema.