Kidole cha Bosi

Mzee huyu walimwita Fundi Sakafu, na kama umewahi kupita kwenye ukumbi wenye sakafu inayong'aa mpaka ukaiona sura yako, huenda ni yeye aliyeisugua. Miaka thelathini na minane kwa magoti, jiwe la msasa mkononi, maji ya saruji yakimla vidole. Nawaambia mapema ili msije mkaniuliza mtu mzima alishindwaje na kitu kidogo kama laini ya simu. Hakushindwa. Alizungushwa.

Mambo yalianza na mnara. Kampuni yake ya simu iliung'oa mnara uliokuwa nyuma ya soko, ikauhamishia inakojua yenyewe, na tangu siku hiyo simu ya mzee ikawa haishiki mtandao ndani ya nyumba. Ilibidi apande juu ya pipa kando ya ukuta, mkono juu, majirani wanapita wanamtania: "Fundi, leo unaanika simu?" Anacheka nao. Lakini moyoni hakuwa anacheka hata kidogo, maana kuna mtu mmoja aliyeijua namba ile kwa kichwa, na simu ya mtu huyo haikuwa ya kukosa.

Huyo ni binti yake. Miaka sita nyuma, mama yao alipokwisha kuzikwa, kaka mtu, ambaye tangu utotoni anaitwa Bosi kwa kupenda kuamrisha, alimtupia dada yake begi nje. Eti nyumba ni ya mtoto wa kiume. Mzee alikuwa amekaa palepale, akainamisha kichwa, asiseme neno. Alimwogopa Bosi? Alikuwa amechoka na msiba? Sijui, na hata angekuwa na sababu mia, mimi simtetei. Binti aliokota begi lake akaenda, na hakuna aliyejua alikoelekea.

Ila alikuwa anapiga. Mara mbili tatu kwa mwaka, kila mara kwa simu ya kuazima. Ukipiga baadaye anapokea mwenye duka au msafiri fulani: "Yule dada? Aliomba simu tu, kaenda zake." Hakusema anaishi wapi. Anamsalimia baba yake, anauliza kifua kinaendeleaje, anakata. Mara ya mwisho, mzee akiwa juu ya pipa lake, alisema jambo jipya: "Baba, nikipiga tena nitakwambia nilipo, uje unione." Mzee akasema nitakuja, mama, nitakuja hata kesho, na mtandao ukakatika hapohapo.

Basi akaamua kuhama kampuni. Bosi ndiye aliyemshauri. "Namba inabaki ileile, Baba, unabadilisha chipu tu." Siku hizi Bosi alikuwa amelainika; alikuwa na mke, anamletea baba yake dawa, na likitajwa jina la dada yake alisema yale yamekwisha, hata yeye anataka arudi. Mzee alimwamini. Alitaka kumwamini, maana naye ni mtoto wake.

Duka la kampuni mpya lilikuwa na viti vya plastiki, feni moja inayozungukia wafanyakazi tu, na picha ukutani za watu wanaocheka na simu zao. Mzee alipewa karatasi ya foleni, akakaa toka asubuhi mpaka adhuhuri. Mhudumu alikuwa binti mpole, akamwamkia vizuri, akaandika namba yake, akabonyeza hiki na kile, akasema maombi yameshakwenda. Kisha akasogeza kile kidude cha alama za vidole.

"Weka dole gumba, mzee wangu."

Kikawaka taa nyekundu. La kushoto, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Mhudumu akamfuta vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akambonyeza mwenyewe kimoja kimoja hadi vikaisha vyote kumi. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Vidole vilikuwa vimelainika kama kipande cha sabuni, havina mstari hata mmoja.

"Baba, vidole vyako havina alama."

"Nimesugulia sakafu, mwanangu. Basi nirudishie laini yangu ya zamani, niende."

"Kule imeshatoka."

"Imetoka kule, na huku haijaingia?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo iko wapi?"

Yule mhudumu akatazama kompyuta. "Iko katikati, Baba."

Katikati! Siku kumi na moja namba ya mtu ilikaa katikati. Mzee akaenda kampuni ya zamani, wakamwambia wewe si mteja wetu tena, nenda kwa wenzetu. Akaenda kwa wenzao, wakamwambia mfumo umegoma, njoo kesho. Kesho wakamwambia Jumatatu. Akaazima simu akapiga huduma kwa wateja, akaambiwa abonyeze moja, kisha nne, kisha nyota, kisha asubiri, akasubiri akipigiwa muziki mpaka salio la watu likaisha. Walimpiga danadana mzee wa watu, na hakuna hata mmoja aliyemtukana ili naye apate pa kutolea hasira. Wote walikuwa wapole. Usiku hakulala, akiwaza kama binti yake anapiga sasa hivi na kuambiwa namba hiyo haipatikani.

Siku ya kumi na mbili yule mhudumu alimvuta pembeni. "Mzee wangu, huna mtu wa familia mwenye kitambulisho? Akuwekee kidole yeye. Wengi wanafanya hivyo."

Mkwewe, mke wa Bosi, kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka. Akabaki Bosi.

Bosi akaja na shati lake safi, akaweka dole gumba mara moja tu, kidude kikawaka kijani. Mhudumu akapiga makofi kwa furaha. Mzee naye akafurahi, nusura amkumbatie. Wakachomeka chipu kwenye kisimu chake cha tochi, wakangoja, kioo kikaandika hakuna huduma. Mhudumu akakigeuzageuza. "Simu hii ni ya kizamani mno, mtandao wetu haushiki humu. Inatakiwa ya kisasa kidogo."

"Usihangaike, Baba," akasema Bosi. "Yangu ina sehemu ya laini mbili. Ikae kwangu mpaka upate simu. Dada akipiga nakuletea mkononi."

Na mzee akamshukuru. Jamani, akamshukuru!

Ikawa kila jioni Bosi akiingia tu, mzee anauliza, "Kapiga?" na Bosi anajibu, "Bado, Baba," huku anavua viatu. Wiki ya kwanza, bado. Wiki ya tatu, bado. Wiki ya tano mzee alimaliza sakafu ya nyumba ya mkandarasi mmoja, na mkandarasi kwa kuipenda kazi akampa simu yake ya kioo aliyokuwa haitumii tena. Mzee akaja nayo mbio kama kijana, akaiweka mezani. "Haya, niletee chipu yangu."

Bosi akasema kesho. Kesho akasema chipu imekwama, inataka fundi. Keshokutwa akasema ngoja mwisho wa wiki. Akampiga baba yake kalenda mpaka mzee akachoka kuuliza, akaamua kurudi dukani na simu yake kwenye mfuko wa plastiki.

"Laini inafanya kazi vizuri kabisa," akasema yule mhudumu.

"Basi nipe chipu nyingine ya namba hiyo, niiweke humu."

"Siwezi, Baba. Mwenye laini ni huyu aliyeweka kidole. Aje yeye."

"Namba hii nimekuwa nayo miaka kumi na minane."

"Najua, mzee wangu. Lakini kwenye mfumo wewe hupo." Alisema huku anatazama chini, na mzee akaona kwamba anaona aibu, lakini aibu yake haikumsaidia kitu.

Alirudi nyumbani saa saba mchana. Bosi alikuwa kazini. Mkwe alikuwa uani anaanua nguo, na alipouona ule mfuko wa simu na uso wa mzee, akaacha nguo kwenye kamba.

"Umetoka dukani, Baba?"

"Nimetoka. Eti mimi sipo."

Mkwe akavuta kigoda. "Kaa, Baba. Kaa kwanza." "Alipiga. Wiki ileile ya kwanza. Nilikuwa chumbani, simu iko kwenye spika, nikasikia yote. Nilikatazwa kusema, nikaapishwa."

"Aliambiwa nini?"

"Aliambiwa umefariki."

Mzee akaanza kuuliza polepole, moja moja, kama anayeulizia kazi ya mtu mwingine.

"Nilikufa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Kwa nini?"

"Kifua, Baba."

"Nikazikwa wapi?"

"Kando ya Mama."

"Sawa. Na yeye?"

"Alilia. Alilia mpaka nikamsikia mwenye simu anambembeleza. Halafu akauliza kama ulimtaja kabla ya kufa." Mkwe akajifunika uso kwa khanga. "Akaambiwa hukumtaja. Kisha akamshukuru kaka yake kwa kukuzika. Akasema maadamu Baba hayupo, hatapiga tena."

"Namba aliyopigia?"

"Ilifutwa palepale. Niliitafuta Baba, wallahi niliitafuta akiwa anaoga, sikuiona."

Mzee aliomba maji. Akaletewa, akakishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe. Mkwe alimaliza kuanua nguo, akazikunja, akapika, na bado mzee yuko palepale kwenye kigoda, jua limemfikia na kumpita.

Bosi aliingia saa kumi na moja na nusu. Alikuwa na mkate mkononi na dawa ya kifua kwenye bahasha, maana kwa hayo hakuwa mtu mbaya.

"Shikamoo, Baba," akasema, akiinama kuvua viatu.

"Unamwamkia nani?" mzee akamuuliza. "Baba yako si alikufa mwezi wa pili?"

Bosi akabaki ameinama, kiatu kimoja mkononi. Aliinua kichwa taratibu, akamtazama mkewe.