Digrii Zilizobaki

Saa sita kasoro dakika tano mchana, karani wa saiti alitoka stoo na kipande cha chaki mfukoni, akaenda kusimama mbele ya kipimajoto. Kilitundikwa kwa msumari kando ya mlango, katikati ya ubao mweusi na tangazo la herufi kubwa: JOTO LIKIZIDI DIGRII 39, KAZI ZOTE ZA JUANI ZISIMAME. Juu, ghorofa ya nne, watu arobaini na tisa walikuwa wakimwaga zege. Kila siku saa hiyo waligeuza shingo kumtazama karani anaandika nini, maana mchana wao wote ulikuwa kwenye chaki yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na kipimajoto kilionyesha arobaini na tatu.

"Hicho kinapenda kutia chumvi," alisema msimamizi, aliyekuwa amesimama nyuma yake na chupa ya maji baridi mkononi. "Andika thelathini na tisa."

Karani alikuwa na wiki moja tu kazini, na kabla ya hapo alikaa miezi kumi na minne akizunguka na bahasha ya vyeti mpaka ikachanika pembe. Akaandika thelathini na tisa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, ndio uliompatia kazi. Kule juu fundi wa nondo, mtu mrefu asiyekaa dakika mbili bila utani, akapaza sauti kwamba kama hali ya hewa ndiyo hiyo basi mtu amletee sweta. Watu wakacheka, wakarudi kwenye zege.

Jioni karani akashika njia ya nyumbani. Hakuwa amefika mbali alipohisi kitu kinampumulia kisogoni. Akageuka, hakuona mtu. Akaongeza mwendo, nacho kikaongeza mwendo. Aliposimama dukani kununua mche wa sabuni, kilimsubiri nje kwa adabu, na hadi afike nyumbani sabuni ilikuwa imelainika mkononi mwake kama unga uliokandwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, paa la bati. Aliishi na mama yake, mwanamke wa miaka sabini na moja aliyeshona nguo za watu miaka arobaini na ambaye mpaka leo alipenda kukaa kwenye kigoda cha cherehani, ingawa cherehani yenyewe ilishauzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama akatazama nyuma ya bega lake. "Na hao wengine hawana midomo?"

Stoo ya saiti ilikuwa na kipimajoto cha akiba. Kesho yake karani alikiazima, na jioni akapima. Nje ya mlango, thelathini. Ndani, thelathini na saba. Akapima tena, akiomba awe amekosea, na hakuwa amekosea. Jumatatu alikuwa ameacha digrii nne bila kuziandika, na Jumanne tatu. Zote saba zilikuwa mle chumbani.

"Saba," alisema mama, akijipepea kwa kipande cha boksi. "Watu saba wanakuja kwa mtu mikono mitupu, hata sukari robo hawakubeba. Umewatoa wapi?"

"Kazini, mama."

"Warudishe huko kazini."

Karani akamwomba aende kwa mdogo wake, mtaa wa pili, mpaka joto lipungue. Mama akamtazama kama aliyemwambia avue nguo barabarani. Alisema hajawahi kuhamia kwa mtu kwa sababu ya wageni, na hataanza leo.

Jumatano kipimajoto kilionyesha arobaini na nne. Karani aliandika thelathini na tisa. Tano na saba ni kumi na mbili. Hesabu hiyo ilimzunguka kichwani mchana kutwa, na kila alipoirudia ilitoka vilevile. Saa ya kutoka ilipofika hakutoka. Alijifungia stoo, akaketi juu ya mifuko ya saruji, akajiambia kwamba zinamfuata yeye, kwa hiyo asipokwenda nyumbani hazitakwenda. Lilikuwa wazo zuri. Alikaa hapo hadi jua likakaribia kuzama, na ghafla akasikia kisogo kimepoa.

Zile tano zilikuwa zimechoka kumsubiri, zikatangulia nyumbani kuzifuata zile saba.

Alikimbia njia nzima. Alimkuta mama yake chini, kando ya kigoda, midomo imepasuka, ngozi kavu na ya moto kama pasi. Hakuwa na tone la jasho. Alimwita karani kwa jina la marehemu baba yake, akamuuliza kama amefunga dirisha la mbele. Karani akamburuta hadi nje, akammwagia ndoo nzima ya maji. Digrii kumi na mbili zikatoka nazo, zikaketi kuwazunguka pale uani. Alimpepea kwa kipande cha boksi mpaka alfajiri, akibadilisha mkono, na muda wote alisema neno moja tu, asife, asife, asife.

Asubuhi mama alifungua macho akauliza nani amemlowesha.

Alhamisi saa sita, kipimajoto kilionyesha arobaini na tano. Msimamizi alikuwa amekwenda mjini. Karani alishika chaki, akaikandamiza ubaoni mpaka ikakatika, akaokota kile kipande kikubwa na kuandika arobaini na tano. Halafu watu wakashuka ngazi mmoja mmoja, wakalala chini kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza, kwenye kivuli, wakanywa maji. Fundi wa nondo alivua viatu, akavitazama vidole vyake, akasema alidhani amekwishavipoteza.

Jioni hiyo nyuma ya karani hapakuwa na kitu. Nyumbani alipima: nje thelathini, ndani thelathini. Zote kumi na mbili zilikuwa zimeondoka, kama watu waliosikia wanaitwa kwao. Mama alikuwa kitandani, anapumua vizuri, paji la uso lina unyevunyevu.

"Nipe shuka, baba," alisema. "Leo kuna kabaridi."

Karani akamletea shuka, akamfunika hadi mabegani. Alitoka nje, akalia kidogo, akanawa uso.

Ijumaa msimamizi alimwita ofisini. Ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni mbili. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Zimekufuata nyumbani?"

"Zimenifuata."

"Zilifika ngapi?"

"Kumi na mbili, bosi."

"Karani aliyekutangulia alifikisha ishirini." Msimamizi aligeuza feni moja kidogo. "Alikuwa na mke. Sasa amehamia mji mwingine."

"Na mkewe?"

"Nimekwambia amehama yeye."

Karani aliuliza, kwa sauti iliyomponyoka, kwa nini bosi asiandike mwenyewe. Msimamizi akasema kazi ya kuandika ina mtu wake, na kila mtu akianza kufanya kazi ya mwenzake saiti haitaendeshwa. Kisha akampa karatasi akaibandike chini ya lile tangazo la joto. Ilisema kwamba kuanzia siku hiyo, saa za kukaa kivulini hazihesabiwi kuwa saa za kazi.

Karani aliibandika. Haikufika hata saa nne watu wakaja stoo, fundi wa nondo mbele.

"Karani wetu," alisema, "jana ulitupumzisha, tunashukuru. Sasa tumeshiba mapumziko. Nikirudi nyumbani na nusu siku, yule mama watoto wangu atanipumzisha moja kwa moja. Tuandikie thelathini na tisa."

"Zinazobaki zinakwenda kwangu," karani akasema. "Mama yangu nusura afe."

Walikuwa wamekwisha kusikia. Hakuna aliyeuliza zinakwendaje. Walinong'onezana, na fundi wa nondo akageuka tena.

"Basi tugawane. Tuko hamsini pamoja na wewe. Ikizidi tano, kila mtu anabeba sehemu moja ya kumi ya digrii. Kwangu tuko saba chumba kimoja. Ikiingia itakosa pa kukaa, itatoka yenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku saa sita karani aliandika thelathini na tisa, na kila siku saa kumi na moja jioni alisimama getini na daftari la pili, la foleni, akawatajia waliopanga foleni ni ngapi zimebaki. Mtu akifika mbele alitikisa kichwa, akageuza kisogo, akasubiri kidogo mpaka apate yake, akaenda. Wengine walivaa kola juu. Foleni haikuchukua zaidi ya robo saa, na msimamizi alisema hajapata kuona saiti yenye nidhamu kama hiyo.

Nyumbani, sehemu moja ya kumi haikusikika. Mbili pia hazikusikika. Lakini hazikuwa zinaondoka, na mama, aliyekuwa amepima vitambaa maisha yake yote, hakuwa mtu wa kudanganywa na vipande vidogo. Alikisogeza kigoda karibu na mlango. Wiki iliyofuata alikitoa hadi kizingitini. Karani aliamka kila asubuhi kabla ya jogoo, akaenda kuweka kiganja chake mbele ya pua ya mama yake, na akihisi pumzi ndipo naye akapumua. Siku ya ishirini na tatu, kwa hesabu ya daftari la foleni, walikuwa na digrii mbili na nusu ndani, na jua lenyewe la nje lilikuwa bado linapanda.

Siku hiyo ya ishirini na tatu kipimajoto kilionyesha arobaini na sita, na ubao ukasoma thelathini na tisa. Saa nane fundi wa nondo aliacha kufunga waya, akasema anasikia baridi, akaomba koti. Watu wakacheka, maana alikuwa mtu wa utani. Akaomba tena, na mmoja akamrushia mfuko mtupu wa saruji. Fundi akajifunika nao mabegani, akaketi juu ya tita la nondo. Hakuinuka. Walipomgusa ngozi yake ilikuwa kavu.

Mkaguzi alifika saa kumi, mtu mpole mwenye kalamu mbili. Alipanda juu, akashuka, akaomba daftari la joto. Akapitia ukurasa baada ya ukurasa, thelathini na tisa, thelathini na tisa, akauliza kama marehemu alikuwa na presha. Msimamizi akasema inawezekana. Karani alisimama pale, akiwaza miezi kumi na minne, akiwaza nyuso arobaini na nane zilizokuwa zikimtazama kutoka juu, nazo zote zikimwomba anyamaze. Mkaguzi akaandika presha. Kabla ya kwenda alimrudishia karani daftari lake, akausifu mwandiko.

Jioni foleni ilipita getini kama kawaida, ila watu hawakutazamana. Wa mwisho alipoondoka karani alifunga daftari, na ndipo akahisi kwamba kuna sehemu moja imebaki imesimama palepale, haijachukuliwa. Alisoma jina la mwenye sehemu hiyo kwa sauti, mara mbili. Halafu akafunga geti, akaanza safari, nayo ikamfuata kando ya ile yake, ikipiga hatua ndefu.

Mama alikuwa amelala, mlango wazi.

"Leo mko wawili," alisema bila kufungua macho. "Huyu mwingine ananuka kutu."

"Ni ya fundi wa nondo, mama."

"Ana watoto?"

"Watano."

"Basi akae huku kwetu. Kule kwake watakuwa na yao ya kutosha." Akajisogeza kitandani kuelekea ukutani, akaacha nafasi. "Nipe shuka, baba. Leo kuna kabaridi."

Karani alitazama kipimajoto ukutani. Kilionyesha thelathini na sita. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la mama yake, na lilikuwa kavu.

Alitoa chaki mfukoni. Kwenye ukuta wa chumba, kuanzia juu ya kitanda, akaandika namba za kweli za siku zote, arobaini na nne, arobaini na tano, arobaini na tatu, haraka haraka, mwandiko umemharibikia, mpaka akafikia arobaini na sita ya siku hiyo, na chini yake akaandika jina la fundi. Kisha akarudi nyuma na kungoja zisikie zinaitwa. Hazikutoka. Ule ulikuwa ukuta wa nyumba tu, si ubao wa saiti, na hakuna mtu aliyesimamisha kazi kwa sababu yake.

"Shuka, mwanangu," alisema mama. "Nasikia baridi."

Karani alichukua shuka, akaichovya ndani ya ndoo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akaikamua, akamfunika, akakaa kwenye kigoda na kuanza kumpepea. Kesho yake, kutwa nzima, saiti ilikuwa na zege la ghorofa ya tano la kumwaga.