Ng'ombe wa Bhoke

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, mwalimu Millicent alifagia stoo ya majembe, akaweka viti viwili karibu na dirisha, kimoja chake na kingine cha msichana wa zamu. Shule ilikuwa ya wasichana, ya kutwa, kando ya barabara ya kutoka Kehancha kwenda Isebania. Kabla yake, ushauri wa kazi ulitolewa mara moja kwa mwaka: mwalimu mkuu, Bwana Ratemo, alisimama kwenye gwaride na kuwaambia wote wawe manesi. Mwaka wa tisini na tano Millicent alihamishwa kutoka Mbita, naye alikuwa na kichwa kigumu. Alisema huwezi kuwapimia wasichana wote kwa gorogoro moja, kama mahindi sokoni.

Bhoke binti Matiko alikuwa kidato cha tatu. Alipoulizwa anapenda nini, alisema kwamba akitazama shamba anajua ni ekari ngapi, na kwamba baba yake humwita mpakani wakati wa ugomvi na majirani ili awaambie nani amekula ardhi ya mwenzake. Millicent akamwambia hiyo ni kazi, ina chuo chake, na jina lake ni upimaji wa ardhi. Bhoke akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Ndipo ng'ombe akaingiza kichwa dirishani.

Alikuwa jike mweupe mwenye madoa mekundu, mnene, na masikio yake hayakuwa yamekatwa alama ya ukoo wowote. Maroa, mlinzi wa lango, alikuja na fimbo, akamtazama, akaishusha.

"Hii ni ya Bhoke," akasema. "Ya mahari. Imekuja mapema tu."

"Na mwenyewe ni nani?" Millicent akauliza.

"Bado, madam. Mwenyewe huwa anapatikana."

Bhoke alirudi darasani, ng'ombe akamfuata hadi mlangoni, akalala kivulini akicheua. Mwalimu wa hesabu aliendelea na somo.

Millicent hakuwa mtu wa kutishwa na ng'ombe. Alimfundisha Bhoke hesabu za pembe kila jioni, na ng'ombe wa pili akaja. Alimpeleka Uriri akaone mpima ardhi akifanya kazi, akamwombea ruhusa achungulie kwenye kile chombo cha miguu mitatu; waliporudi, wengine wawili walikuwa wakingoja langoni. Bhoke aliposhika nambari ya kwanza katika mtihani wa majaribio, ng'ombe walijaa nusu ya uwanja wa michezo. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, lakini wema wa Millicent haukwenda popote. Ulisimama pale uwanjani ukila nyasi.

Bwana Ratemo alilalamika juu ya kinyesi, kisha akaona bustani ya sukumawiki inanawiri, akanyamaza. Daktari wa mifugo alipita akawachanja. Waliobadilika ni wasichana wengine, ambao walianza kuficha mikono chini ya madawati hata pale walipojua jibu. Millicent aliliona hilo, na moyo ulimuuma. Akajiambia kwamba mtihani ukishapita Bhoke atakuwa chuoni Nairobi, na ng'ombe hawapandi basi.

Matokeo yalipotoka, Bhoke alikuwa amewashinda wasichana wote wa wilaya, na chuo kilikuwa tayari kumchukua. Asubuhi hiyo ng'ombe walijaa uwanja mzima hadi barabarani. Masikio yao yote yalikuwa yamekatwa, alama moja, vidonda bado vibichi. Maroa aliitazama ile alama akasema ni ya nyumba ya Gichana, mfanyabiashara wa Isebania, mwenye wake wawili.

Matiko, baba yake Bhoke, alikuja na wanawe kuwaswaga ng'ombe. Alikuwa mtu mpole. Alivua kofia mbele ya Millicent.

"Mwalimu, nimekuja kusema asante. Msichana hajasoma ni ng'ombe kidogo tu. Lakini huyu wangu umemtengeneza. Mimi sikujua hii hesabu yake iko na maana."

"Mzee, amepata nafasi chuoni. Nilimfundisha ndio aende."

"Si ndio anaenda, kwa Gichana?" Matiko akasema, bila ubaya wowote. "Na hizi zishafika, mwalimu. Wewe ungezirudisha wapi?"

Bhoke, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, aliutazama uwanja uliokuwa umeliwa hadi udongo.

"Ekari mbili kasoro kidogo, madam," akasema, kisha akawafuata mifugo.

Millicent alijifungia stoo akalia. Mwaka uliofuata alijaribu njia nyingine. Kulikuwa na msichana anayeitwa Weisiko, hodari wa kuzalisha mbuzi, ambaye angefaa udaktari wa mifugo. Millicent alimwagiza aache nusu ya maswali bila kujibu, na Weisiko akafeli kama alivyoagizwa. Ng'ombe alikuja mmoja, amekonda, mbavu nje. Baba yake Weisiko alimchukua ng'ombe huyo na kumwoza binti siku hiyo hiyo, akisema kwa matokeo yale hakuna haja ya kungoja wengine.

Kufikia hapo sifa za Millicent zilikuwa zimeenea. Siku za Alhamisi akina baba walipanga foleni nje ya stoo, kila mmoja na binti yake, na kamba mkononi. Bwana Ratemo aliwatolea mabenchi. Afisa mmoja wa elimu alitembelea shule, akasifu jinsi kila mwanafunzi anavyoshauriwa kivyake, akanywa chai, akaondoka.

Siku moja aliingia Nyangi wa kidato cha kwanza, mdogo hata miguu yake haikufika sakafuni. Baba yake alikuwa amesinzia kwenye benchi.

"Unapenda nini?" Millicent akauliza, kwa sauti ya chini.

"Sipendi kitu, madam."

"Hata kidogo?"

Nyangi akatazama dirishani, akatikisa kichwa. Millicent alimpenda mtoto huyo kwa uongo wake, akatamani ungetosha. Wakabaki vitini, magoti yao yakikaribia kugusana, wakisikiliza.

Kwato zilisikika barabarani, kisha lango likagongwa kwa pembe. Maroa alikuwa ameenda kula. Millicent akainuka, akatoka, akamfungulia ng'ombe.