Mahali pa Kugombana

Watu huhama kwa sababu nyingi: kazi, ndoa, maji yasiyopanda ghorofani. Fundi Barafu na mkewe walihama ili wapate mahali pa kugombana. Kodi nayo ilichangia, tusidanganyane. Mwenye nyumba alikuwa ameipandisha mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila akija kuwaarifu alifika mlangoni anahema, anawaangalia kama vile ngazi wamezijenga wao. Lakini ungemuuliza mmoja wao, mwenzake akiwa mbali, angekuambia ni ugomvi.

Kule jiji kuu walikaa ghorofa ya tano, chumba kimoja na nusu, miaka kumi na miwili. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba zilizopakwa rangi ili zifanane na kuta. Jirani wa kushoto akipiga chafya, wao ndio waliomwombea afya. Mwaka wa tatu wa ndoa walikuwa wakibishana, kwa sauti ya kawaida tu, kuhusu siku ambayo Fundi alichelewa kurudi. Mke akasema ilikuwa Jumanne. Fundi akasema Jumanne alikuwepo. Ukuta ukagongwa mara mbili, na sauti ya jirani ikasema kwa upole, "Samahanini. Ilikuwa Jumatano. Nakumbuka kwa sababu shemeji alilia."

Tangu siku hiyo hawakugombana tena, na wala hawakupatana. Walinong'ona. Jambo likiwa kubwa kuliko mnong'ono, mmoja alisema, "Liweke," na mwenzake akaitikia, "Haya, limewekwa." Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga. Wahenga hawakusema ufanye nini mwanaharamu asipopita, akapanga chumba humo humo.

Jina la Barafu alipewa kwa sababu alitengeneza mafriji, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Kutwa nzima alipaza sauti kwa watoto arobaini wa watu, kisha akapanda zile ngazi akiipunguza ghorofa kwa ghorofa, hata akifika mlangoni imebaki sauti ya kuombea chumvi.

Katika yote waliyoyaweka, moja lilikuwa kubwa kuliko mengine. Baba yake mke alipofariki, miaka tisa nyuma, mke aliomba mama yake aje kukaa nao. Mama huyo alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo miaka thelathini, na mashine zilimlipa pensheni kidogo zikayala masikio yake yote mawili. Fundi alinong'ona, "Hatuna nafasi. Halafu mama hasikii. Kuongea naye ni kupiga kelele, jengo zima litajua tunachokula." Mke akaitazama ile nusu ya chumba. Ilikuwa na mafriji mabovu matano, yamesimama wima kama wageni waliokosa viti. Akasema, "Liweke." Kesho yake, kutoka uwanja wa shule, alimpigia mama yake simu akamwambia kwa sauti kubwa kwamba nafasi hakuna. Mama akaenda kwa kaka mtu, akatandikiwa kwenye korido.

Basi miaka ikaenda, na hatimaye ikapatikana nyumba katika mji wa mkoa mwingine, mwendo wa saa tisa kwa lori. Mji wenyewe ulikuwa wa kiasi. Una hospitali, una soko, una barabara ya lami inayojitahidi. Kwa kodi ya chumba na nusu, na chenji juu, walipata vyumba vitatu, sebule, uani, na bomba lao wenyewe. Kuta za tofali. Siku ya kwanza Fundi aliugonga ukuta kwa vidole, akasubiri. Hakuna aliyeitikia.

"Unaona?" alimnong'oneza mkewe.

"Naona," mkewe alinong'ona.

Siku ya tatu mke alichukua ufagio akaenda kusafisha chumba cha tatu. Kilikuwa hakifunguki vizuri. Alipousukuma mlango, alikuta mafriji tisa. Lo! Yale matano ya zamani, na manne ambayo Fundi alikuwa amekwisha kuyapokea mtaani kabla hata hawajajua sokoni ni wapi. Mke alisimama pale na ufagio wake. Fundi alikuja nyuma yake, akakohoa kidogo.

"Ni kwa muda tu," alinong'ona.

Hakuambiwa "liweke". Hilo lilimtia hofu kuliko maneno.

Wiki ya pili jirani wa upande wa pili wa ukuta wa uani alibisha hodi. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alikuwa amejifunga khanga vizuri na uso ameuandaa.

"Poleni sana," alisema. "Mmefiwa?"

"Hapana," alisema Fundi.

"Kuna mgonjwa?"

"Hatuna mgonjwa, jirani."

"Sasa mbona kimya? Wiki mbili sijasikia hata sufuria likianguka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, shemeji. Mtaa mzima tunausubiri huo mshindo." Aliangalia ndani juu ya bega la Fundi, akaona kweli hakuna maiti, akaondoka bila kuridhika.

Jioni hiyo mke alisema wakati umefika. Walikubaliana Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, ili wote wawe wameshiba. Jumamosi ilipofika walifunga madirisha kwa mazoea, wakakaa sebuleni wakitazamana.

"Anza wewe," alinong'ona Fundi.

"Viatu vyako," alinong'ona mke. "Miaka kumi na miwili unaviacha mlangoni, najikwaa."

"Nitaviondoa."

"Haya."

Wakakaa. Lilikuwa limekwisha. Walipitia na mengine: shangazi ambaye hakualikwa, redio iliyouzwa, ile Jumatano. Mengi yalikuwa yameoza kwa kuwekwa. Ukiyagusa yanavunjika yenyewe. Fundi alianza kuona kwamba ugomvi si kazi ngumu kiasi hicho. Akanyoosha miguu.

"Sasa mama," alinong'ona mke.

Fundi akaikunja miguu.

"Miaka tisa nimembebea mama uongo wako kwa mdomo wangu. Nilimwambia hakuna nafasi, nami nilikuwa nimeipangusa vumbi nafasi yenyewe asubuhi ile. Sibebi tena. Mama anakuja Alhamisi. Akishakaa, utamwambia ukweli wewe, kwa mdomo wako. Ukishindwa, Ijumaa anarudi na mimi narudi naye. Korido ile inatosha magodoro mawili."

Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kuombea chumvi. Fundi alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alitamani mtu amfokee. Mtu akikufokea unajua amebaki na kitu cha kukutupia. Mkewe alikuwa amebaki na begi tu, na begi lilikuwa nyuma ya mlango. Fundi alikuwa ameliona tangu asubuhi akadhani ni la nguo za kufua.

Kisha mke akatoka uani, akapiga simu.

"MAMA! ... NIMESEMA NJOO! ... ALHAMISI! ... CHUMBA KIPO! ... KIPO! ... KINA MAFRIJI! ... MA-FRI-JI! ... ATAYATOA!"

Kabla hajakata simu, mtaa mzima ulikuwa umeshaelewa. Fundi alipokwenda dukani kununua sabuni, muuza duka alimpa sabuni na kumuuliza mafriji atayapeleka wapi. Fundi cherehani alimpa turubai juu ya ukuta, bila kuombwa. "Yafunike uani," alisema. "Na usimcheleweshe mama wa watu."

Akayatoa manane. La tisa, kubwa la milango miwili, alilisogeza kwenye kona akajiambia halimsumbui mtu. Mtu muoga hujiachia mlango mahali fulani, na yeye alijiachia miwili.

Alhamisi alasiri mama alifika. Alikuwa mdogo kuliko Fundi alivyomkumbuka, na begi lake lilikuwa dogo kuliko yeye. Alivua viatu, akavipanga kando ukutani, akakaa, akapewa chai. Aliiangalia dari, akaziangalia kuta.

"Nyumba kubwa hii," alisema. Alisema kwa sauti ya juu, kama watu wa mashine wanavyosema. "Kule kwenu hamkuwa na nafasi."

Mke aliweka kikombe chake chini. Hakumtazama mama yake, alimtazama Fundi.

Fundi alikuwa amejiandaa. Alitoa karatasi mfukoni, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama aliigeuza mbele na nyuma.

"Miwani niliikalia ndani ya basi," alisema. "Imeandikwa nini?"

Fundi alisogeza kiti. "Mama," alisema, "kule nafasi..."

"Eh?"

"Nafasi ilikuwa..."

"Sema, mkwe wangu. Unasogeza midomo tu."

Fundi alifumba macho. Miaka tisa ya minong'ono ilitoka kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameifahamu.

"NAFASI ILIKUWEPO, MAMA! NILIIJAZA MAFRIJI! MIMI NDIYE SIKUTAKA UJE!"

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilisimama.

"Kwa nini?" aliuliza mama.

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Fundi alifungua macho. "SIKU YA HARUSI NILIKUAHIDI MWANAO ATAKAA KWENYE NYUMBA! YENYE UANI! NIKAMWEKA KWENYE CHUMBA NA NUSU! NILIONA AIBU UKIJA UTAONA! NIKAONA BORA UKAE MBALI UFIKIRI NI NYUMBA!" Sauti ilimkatika. Akaipandisha tena maana alijua akiishusha hatasikika. "NISAMEHE!"

Mama alikunywa chai yake kidogo.

"Najua," alisema. "Mwanangu hajui kudanganya. Hata ukiwa kiziwi unamsikia anavyodanganya." Aliweka kikombe. "Mimi nimezaliwa kwenye chumba kimoja, mkwe wangu, tulikuwa tisa. Ningeona nini cha ajabu? Korido ya kaka yake ina upepo. Miaka tisa upepo ule ule, unaanzia miguuni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma mita ya umeme, na Fundi alilia pale pale kwenye kiti chake, bila kujificha, machozi ya mtu mzima ambayo hayana adabu.

"Basi," mama alisema. "Nionyesheni pa kulala."

Wakamwongoza. Mlango ulifunguka vizuri. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, dirisha liko wazi, na kwenye kona limesimama lile friji la milango miwili, linang'aa.

Mke alilitazama. Fundi alimtazama mke, akainama karibu na sikio lake, akanong'ona, "Hili moja tuliweke mpaka..."

"HATULIWEKI!" mke alipiga kelele. "LITOE! LITOE SASA HIVI! MIAKA TISA! UNASIKIA? MIAKA TISA NAMWOMBEA MAMA YANGU PA KUWEKA MGONGO, NA LEO UNANIACHIA FRIJI!"

Vioo vya dirisha vilitetemeka. Kutoka ng'ambo ya ukuta fundi cherehani aliita, "Shemeji, nije nishike upande mmoja?"

"NJOO!" mke alisema.

Walilitoa watatu, mke upande wa chini, na njia nzima hakunyamaza. Alianza na friji, akarudi kwenye Jumatano, akapitia kwa shangazi, na yale yaliyokuwa yameoza yote yakawa mabichi tena. Fundi alirudi kinyumenyume na uzito wake, anagonga milango, anajibu, "NDIYO! NI KWELI! NIMEKOSA!" na moyoni alikuwa amefurahi kiasi cha kuona haya. Lile begi la mke walilisukuma kwa friji walipopita mlangoni, likaanguka, na nguo zikatawanyika sakafuni.

Walipomaliza, jirani alikwenda zake, na wao wawili wakasimama uani wanahema. Mke alifuta jasho. Aliangalia turubai, na mafriji tisa chini yake, kisha akasema jambo kwa mumewe, taratibu, karibu na shavu lake, jambo ambalo halikuwa ugomvi.

Dirisha la chumba cha tatu likafunguliwa zaidi, na kichwa cha mama kikatokea.

"Mbona mmenyamaza?" alisema. "Semeni kwa sauti. Na mimi nakaa hapa."