Mkono Usio na Bastola

“Kifuani, Kahaso! Nimesema ngumi kifuani! Mkono huo wamtafuta nani hapo ubavuni?”

“Nimeuweka kifuani, afande.”

“Uliuweka, kisha ukaushusha. Umekuja kupiga shabaha ama kupigwa picha ya harusi?”

Maafisa wawili waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Konstebo Kahaso hakucheka. Alikuwa amefyatua risasi tano kwa mkono wa kulia peke yake, na nne zimepotelea kwenye ukuta wa mchanga.

Sajini Kombe, mtu wa Mambrui, akamzunguka taratibu. “Tazama unavyosimama. Nyonga umeitoa nje, mkono umeukunja kama umebeba kitu. Umebeba nini, mwanangu?”

Kahaso akajitazama, akajua papo hapo. Hapo ndipo Kache, mwanawe, alipokuwa akikaa. Mwaka mzima alisonga ugali, akafagia, akafungua milango kwa mkono wa kulia tu, mtoto yuko kiunoni kushoto. Kisha akahamishiwa Marereni, na mtoto akabaki Ganda kwa bibi yake. Sasa Kache alikuwa na miaka mitatu, lakini mkono ulikuwa ungali unambeba yule wa mwaka mmoja.

Jumapili alipopiga simu, mtoto alimwamkia kwa adabu: “Shikamoo, anti.” Hilo neno ‘anti’ alikuwa ameliokota kwa binamu zake. Bibi alicheka, Kahaso naye akacheka, kisha akaketi kitandani na viatu miguuni mpaka chai ikapoa.

“Zimebaki tano,” Kombe akasema, sauti imelegea. “Ukiingiza nne, jina lako laenda Nairobi. Miezi tisa ya mafunzo, kisha unalinda wakubwa. Si ndiyo uliyoitaka?”

Ndiyo aliyoitaka. Tangu Januari alikuja uwanjani kila Jumamosi, na gari la kituo lilipita njia panda ya Ganda bila kusimama, wala yeye hakuomba lisimame. Baada ya mtihani, alijiambia. Baada ya mafunzo. Baada ya kupewa nyumba. Na mtoto wa miaka minne, nani humbeba kiunoni?

Akainua bastola, ngumi kifuani. Moyo ukagonga chini ya ngumi. Mkono ukateremka wenyewe.

Akachomoa magazini, akahakikisha chemba ni tupu, akailaza bastola mezani, mdomo ukielekea ukutani.

“Nifute, afande.”

“Una wazimu? Risasi tano tu!”

“Mpe anayengoja.”

“Na sababu niandike nini?”

“Andika mkono wa kushoto una kazi nyingine.”

Kombe akaivuta bastola upande wake. “Nenda basi, kabla sijabadili nia.”

Kahaso akatoka hadi barabarani, akasimamisha bodaboda ya kwanza, na kabla haijashika kasi alikuwa ameshampigia mama yake.

“Mama, nguo za Kache zitie kwenye begi. Leo analala kwangu Marereni.”

“Hee! Na ukiwa kazini atakaa na nani?”

“Na jirani yangu Rufaida. Ana watoto watatu, wa nne hamshtui. Mtoto ameoga?”

“Bado, maji yako motoni.”

“Basi usimwogeshe. Naja kumwogesha mwenyewe.”