Shangazi wa Mafua

Jumatatu asubuhi Bibi Toakase alifika zahanati na kikohozi chake, papai moja, na kuku aliyekuwa akimfuata bila kualikwa. Nesi Kalolaine alimfukuza kuku, akapokea papai, akamkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki, kisha akatoa kijiti chenye pamba nchani.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Puani, Bibi."

"Mbona kirefu hivyo? Umepoteza nini humo?"

"Inua kichwa."

Alikizungusha mpaka bibi akatokwa na machozi, akakitia kwenye kichupa, akaandika jina la kisiwa: Otumahina. Ndiyo kazi. Kila msimu wa baridi, wagonjwa wachache wa kwanza huchukuliwa majimaji ya puani, vichupa vinalazwa kwenye boksi la barafu, boksi linapanda boti ya Alhamisi hadi kisiwa kikubwa, na kutoka hapo linaruka mpaka maabara moja Australia. Huko wanamsoma kirusi wa mafua herufi kwa herufi, wajue katokana na nani na anaelekea wapi. Majibu hurudi mgonjwa akiwa ameshapona, au ameshazikwa. Kalolaine alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ana nywele nyeusi, na alikuwa na ule uchovu ambao ukienda kulala, nao unalala, ukiamka unaukuta umeshavaa viatu.

Toakase alipona mara ile, ila kifua kilibaki kinalia kama mlango ulioliwa na chumvi.

Mwezi wa pili simu ikaja. Alikuwa dada mmoja wa maabara, Bronwyn, mwenye furaha na sauti ya mtu ambaye hajapata kifungua kinywa. Akaeleza kwamba virusi wana ukoo kama watu. Wameuchora ukoo wote wa mafua ya mwaka ule, kuanzia Chile mpaka Korea, na kila tawi ukilifuata kurudi nyuma unamkuta yule aliyetoka Otumahina. Si mama yao hasa, alisema. Yuko pembeni kidogo, juu yao. Wangekuwa watu, tungemwita shangazi. Basi huyo ndiye amechaguliwa kutengenezea chanjo. Atakuzwa ndani ya mayai ya kuku, na jina lake litakuwa la kisiwa, kwa sababu kirusi huitwa kwa jina la mahali alipochukuliwa.

Kalolaine akazipeleka habari. Alimkuta Toakase barazani anasuka mkeka, na bibi hakuinua macho mpaka aliposikia neno shangazi. Pale kisiwani, dada wa baba ndiye mkubwa hata akiwa hana jino. Nguruwe akichinjwa, kipande cha kwanza ni chake. Akilipenda shati la mpwa wake, mpwa analivua.

"Hao wapwa zangu wako wapi?"

"Dunia nzima, Bibi."

"Basi hiyo dawa inaanzia kwangu."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Sijakuuliza inavyotakiwa, Kalo. Nasema inaanzia kwangu."

Kalolaine alikiangalia kile kifua kinavyopanda kwa taabu, akasema ndiyo, inaanzia kwako. Neno hilo lilimtoka jepesi, na akaja kulibeba likiwa zito.

Mwezi wa kumi nchi za kaskazini zilianza kuchoma chanjo, na bega la kushoto la Toakase likaanza kuuma. Kwanza kilitokea kidoa kimoja chekundu, kama ameumwa na mbu. Mwisho wa wiki bega lilikuwa kama chujio la tui. Wakichomwa wazee, maumivu yalikuwa ya taratibu. Wakichomwa watoto, bibi alitokwa na machozi, halafu akapata ladha ya peremende mdomoni. Jumapili bega lilipumzika, maana kliniki za huko zinafungwa, na Toakase alisema walau wapwa zake ni watu wa dini. Kalolaine alimpa panado na kitambaa cha maji ya moto. Mchungaji alimwombea bibi kanisani, baada ya matangazo ya kwaya na kabla ya matangazo ya mchango wa mabati.

Mwezi wa nne, kabla ya baridi, lilitegemewa boksi la chanjo. Badala yake akaja Bwana Siosaia wa ofisi ya mkoa, mtu mpole mwenye begi la mgongoni kama mwanafunzi. Alisema dozi ni chache mwaka huu. Zinaanzia kisiwa kikubwa, zikibaki zitashuka huku. Kalolaine akamwomba basi walau moja, ya mtu mmoja, akampeleka barazani kwa Toakase. Siosaia alivaa miwani, akaliangalia bega.

"Huyu ameshachanjwa."

"Hajachanjwa, Bwana Siosaia. Hizo ni sindano za watu."

"Najua ni za watu. Mke wangu ana shangazi Canada, ametuhadithia wanavyochomwa huko." Akavua miwani. "Lakini kanuni inaangalia bega, nesi. Na hili bega halina hata pa kuchomea."

"Basi kanuni iangalie na kifua."

"Kifua si idara yangu."

Toakase akamwambia mgeni anywe dafu kabla halijapata moto. Siosaia alikunywa, akashukuru, akaahidi kwamba boti ijayo itakuja na kitu. Boti ijayo ilikuja na unga. Iliyofuata ilileta mabati, na nyingine ilileta kochi la mchungaji. Kalolaine alimpigia Bronwyn, naye akasikitika kweli, mpaka sauti ikamkatika. Sisi tunasoma tu, alisema. Hatugawi.

Mafua yalirudi mwezi wa sita na vijana waliokuja likizo. Kalolaine alimchukua Toakase majimaji ya puani, akapeleka kichupa gatini, akarudi kukaa kando ya kitanda cha bibi.

"Ni mpwa wangu huyu," bibi alisema, akijigusa kifua. "Namtambua. Yeye ndiye hanitambui, kakulia kwenye mayai ya watu." Akapumzika ili apate pumzi. "Ulisema inaanzia kwangu."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayekumbushia ndoo yake iliyoazimwa. Kalolaine akamgeuza upande wa pili ili apumue vizuri, na huko alikogeuzwa ndiko alikofia.

Boti ya Alhamisi iliingia imezama mpaka ukingoni. Nahodha alilalamika kuhusu uzito, si kuhusu abiria. Wakashuka watu wa kila rangi, kila mmoja na plasta ndogo ya mviringo bega la kushoto, na kiunoni amejifunga mkeka mkubwa uliochakaa na kuchanikachanika, ule ule wanaovaa wapwa kwenye msiba wa shangazi. Waliowavisha hawakujulikana. Kulikuwa na dereva wa basi kutoka Toronto, mwalimu wa kike kutoka Norway, mume na mke wazee wa Osaka walioshikana mikono, na wengine wengi. Wakiulizwa, walijibu kwamba waliona tu ni lazima waje.

Seini, binti wa shangazi wa marehemu, aliyekuwa mkubwa wa msiba na amekaa kichwani pa maiti, aliwatazama kupitia mlangoni.

"Wapwa hawaingii ndani. Kazi yao iko jikoni."

Lakini walishaelekea huko wenyewe. Walipasha mawe ya shimo la kupikia, wakakuna nazi, wakafunga nyama ya kondoo kwa majani ya magimbi. Kwaya ilipoanza waliimba sauti ya pili, na hawakukosea. Akina mama walilalamika tu kwamba wale wa Osaka wanabana sana chumvi.

Kalolaine alisimama katikati ya moshi, akauliza kama kuna aliyekuja na chanjo. Hata moja. Wapo wazee wengine kisiwani.

Dereva wa Toronto alifuta mikono, akafungua begi lake. Alitoa biskuti, sweta, kopo la kahawa, sweta lingine.

"Sikujua kama hamna," alisema. "Mimi nilichomwa dukani. Nilienda kununua dawa ya meno."

Alirudi kugeuza nguruwe, akalia palepale, na ilikuwa sawa, msibani watu hulia. Nyuma yake yule mwalimu wa Norway alianza kukohoa, na si kwa moshi. Kalolaine akaenda kuchukua kijiti, akamwambia ainue kichwa. Kwenye kichupa aliandika mahali majimaji yalipochukuliwa, Otumahina, na boti iliyowarudisha wapwa ndiyo iliyobeba boksi.

Mwaka ule maabara haikubadilisha jina la chanjo. Mwezi wa kumi ulipoingia, mchanga mweupe wa kaburi la Toakase, upande wa kushoto, ulianza kutoboka vitundu vidogo kama vya kaa. Jumapili havitokezi. Siku nyingine Kalolaine hupitia pale asubuhi, akausawazisha mchanga kwa kiganja. Wakati wa baridi, Alhamisi, hupeleka vichupa gatini na kusubiri mpaka boti imalize kushusha mzigo. Unga, sabuni, mabati. Huuliza kama ndiyo basi, nahodha husema ndiyo basi.